Ripoti ya kosa la matini chanzi: mfasiri anapomwandikia mtunzaji wa programu

Mtumiaji wa programu husoma mwongozo kwa kuruka. Anatafuta mstari mmoja wa kumtoa kwenye shida, akiupata anafunga. Mfasiri hawezi kusoma hivyo. Yeye hupita neno kwa neno, na sentensi isiyoeleweka humkwamisha papo hapo, maana asichokielewa hawezi kukifasiri. Ndiyo maana kosa lililokaa miaka kwenye mwongozo, watu wakilipita tu, mara nyingi huibuliwa na anayeufasiri. Taarifa anayowaandikia watunzaji wa programu ndiyo ripoti ya kosa la matini chanzi.

Matini chanzi ni maandishi ya asili, ambayo kwenye programu nyingi huwa ya Kiingereza. Kosa lake lisichanganywe na kosa la tafsiri. Tafsiri ikiharibika, anayeirekebisha ni mfasiri au timu yake. Chanzo kikiharibika, wa kukirekebisha ni mtunzaji, na kosa linaingia kwenye lugha zote kwa mpigo.

Tuseme maelezo yanasema chaguo la kuhifadhi nakala ni -k, lakini mfano ulio chini yake unatumia -K. Mfasiri anaweza kusahihisha kimyakimya kwenye tafsiri yake na kuendelea na kazi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Huenda mfano ndio ulio sahihi, na yeye amebahatisha. Hata akipatia, msomaji wa Kiswahili na wa Kiingereza sasa wana miongozo miwili inayopingana, na hakuna anayejua.

Kwenye programu huria nyingi, maandishi ya kufasiriwa hukaa kwenye faili za PO za mfumo wa GNU gettext. Kila fungu la maneno lina pande mbili: msgid ni chanzo, msgstr ni tafsiri. Fungua faili hiyo utazame juu kabisa, utakuta mstari unaoanza na Report-Msgid-Bugs-To. Ukiwa umejazwa, hapo ndipo penye anwani ya kupeleka makosa ya chanzo. Mwongozo wa gettext unataja pia aina za makosa yanayostahili kuripotiwa: sentensi zilizokatwa vipande, maneno yasiyoeleweka bila muktadha, dhana zisizo sahihi kuhusu tarehe, saa na fedha, matatizo ya umoja na wingi, hata tahajia.

Yaani si lazima Kiingereza chenyewe kiwe kimekosewa. Chukua neno moja, "Deleted". Kwa Kiswahili, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kifurushi kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Programu ikilitumia fungu hilo hilo sehemu zote nne, hakuna tafsiri itakayofaa kila mahali. Na idadi nayo: faili 1 imefutwa, faili 5 zimefutwa. Nomino haikubadilika, kilichobadilika ni kitenzi, kwa hiyo programu inayounga namba na kitenzi kutoka mafungu mawili tofauti itaharibu sentensi. Mfasiri wa Kiswahili ana haki kamili ya kuomba mafungu hayo yatenganishwe, na gettext ina msgctxt kwa ajili ya kuonyesha muktadha. Asijione msumbufu.

Ripoti nzuri huwa fupi: jina la ukurasa au faili, toleo, sentensi yenyewe ikiwa imenakiliwa ilivyo, tatizo ni nini, na pendekezo kama lipo. Lakini kwanza tazama toleo jipya la chanzo, kwa sababu faili unayoifasiri inaweza kuwa ya zamani na kosa limeshaondolewa.

Halafu kuna suala la muda. Mtunzaji akirekebisha hata herufi moja ya msgid, faili za PO zinaposasishwa tafsiri ya fungu hilo katika kila lugha huwekewa alama ya fuzzy (yaani tafsiri yenye shaka), na haitumiki hadi mfasiri aipitie. Kwa nyaraka zinazopita kwenye po4a, zana ya kufasiri nyaraka kupitia faili za PO, aya hiyo hurudi kwenye Kiingereza. Tena po4a, isipopangwa vingine, haitoi kabisa ukurasa ambao tafsiri yake iko chini ya asilimia 80, hivyo masahihisho mengi ya mwishoni yanaweza kuuondoa ukurasa mzima wa lugha fulani. Kwa sababu hiyo miradi mingi husitisha mabadiliko ya maandishi toleo linapokaribia, na ripoti iliyofika siku za mwisho husubiri toleo linalofuata. Peleka yako mapema. Kama ni kosa la tahajia tu, mtajie mtunzaji zana iitwayo msguntypot, inayokuja pamoja na po4a: husahihisha msgid ndani ya faili za PO za lugha zote bila kuzitia tafsiri alama ya fuzzy.