Kupanda mwishoni mwa msimu: hesabu siku, soma lebo

Msimu ukielekea ukingoni, maswali yanayofika kwenye dawati letu la ugani hubadilika. Mwanzoni watu huulizia mbegu na nafasi za kupandia. Mwishoni ni malalamiko: kabichi hazikufunga, nyanya zimebaki kijani mpaka mmea ukafa, matunda yamejaa funza. Na lipo swali moja linalotutia wasiwasi kuliko yote: je, mboga niliyoipulizia dawa juzi inafaa kuliwa leo?

Tuanze na kabichi. Pakiti ya mbegu huonyesha siku za kukomaa. Chukua tarehe unayotarajia mvua kukatika au jalidi kuanza, rudi nyuma kwa idadi hiyo ya siku, kisha rudi nyuma wiki mbili zaidi, kwa sababu mwanga na joto vikipungua mmea hukua polepole kuliko pakiti inavyosema. Kumbuka pia kwamba kwa kabichi na nyanya siku hizo mara nyingi huhesabiwa tangu miche ihamishwe kutoka kitaluni, si tangu mbegu iguse udongo. Figili huvunwa ndani ya siku 25 hadi 30, mchicha wiki 3 hadi 4, maharage mabichi siku 50 hadi 60. Kama zimebaki wiki 6, usihangaike na kabichi, hata kama jirani anakupa miche bure. Na letusi ikikataa kuota, usikimbilie kumlaumu muuza mbegu: udongo ukizidi nyuzi joto 30 hivi, mbegu yake hulala. Weka kivuli juu ya tuta na umwagilie jioni.

Mimea iliyopo inahitaji takriban lita 25 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki, zikigawanywa mara mbili au tatu. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10 yatahifadhi unyevu huo, ila yasigusane na shina, litaoza. Mwezi mmoja kabla ya msimu kuisha, kata ncha za nyanya zinazorefuka. Maua yanayofunguka wakati huo hayatakupa tunda lililoiva, yanakula tu chakula cha matunda yaliyokwisha kushika.

Palipo na jalidi, miti ya matunda isipewe mbolea ya naitrojeni sasa. Itachipua majani laini ambayo baridi itayaunguza. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, kwani funza wa nzi wa matunda hutoka ndani yake, huingia ardhini na kugeuka kuwa pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda), kisha nzi hutoka tayari kwa tunda linalofuata. Yafukie kwa kina cha sentimita 60, au yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uuache juani siku kadhaa. Kuyatupa kwenye lundo la mboji lililopoa hakusaidii. Lundo lazima lifike nyuzi 55, na ligeuzwe ili sehemu za nje nazo zipate joto hilo.

Sasa viuatilifu. Lebo ina vipindi viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni muda wa kutoingia bustanini baada ya kupulizia, ambao kwa kawaida huandikwa kwa saa. Kingine ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku hizi huhesabiwa kuanzia upuliziaji wa mwisho. Lebo ikisema siku 7, nawe ukarudia kupulizia siku ya tano, hesabu inaanza upya. Kila zao lina idadi yake kwa dawa ileile, na zao lisilotajwa kwenye lebo halikuruhusiwa kwa dawa hiyo. Tumelisema hili miaka mingi na bado linarudi: kuosha mboga hakufuti siku za kusubiri. Zipo dawa zinazonyonywa na kusambaa ndani ya mmea, na hizo maji hayazifikii. Vilevile mkanda wa rangi chini ya lebo unaeleza ukali wa sumu, nyekundu ikiwa kali zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Kijani si ruhusa ya kupulizia asubuhi na kuvuna jioni.

Katika nchi nyingi, kutumia kiuatilifu kinyume cha lebo ni kosa kisheria, na bustani ya nyumbani haisamehewi kwa udogo wake. Ukiuza ziada yako, mazao yanaweza kupimwa masalia ya dawa. Yakizidi kiwango kinachoruhusiwa, mzigo unaweza kuzuiwa au kuteketezwa, na faini ikafuata. Viwango na adhabu hutofautiana, hivyo ulizia mamlaka inayohusika kabla ya kuuza.

Kopo likiisha, lisuuze mara tatu papo hapo, kila mara ukimimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike kwenye zao lilelile. Kisha litoboe. Usilichome moto wala usilitumie kuchotea maji. Dawa iliyobaki ikae ndani ya chombo chake cha asili, imefungiwa mbali na watoto. Tunaletewa dawa ndani ya chupa za soda, tuulizwe ni ya nini na ina siku ngapi za kusubiri. Bila lebo hatuwezi kukujibu, na dawa hiyo usiitumie kwenye chochote kitakacholiwa.