Je, ghorofa refu la kwanza duniani lilijengwa Chicago?

Wengi tumefundishwa kwamba ghorofa refu la kwanza duniani ni jengo la ofisi za bima lililokamilika Chicago mwaka 1885, na kwamba lilishikiliwa lote na fremu ya chuma, yaani mifupa ya nguzo na boriti. Imani hii ina msingi: fremu ilibeba sehemu kubwa ya uzito, na baadhi ya boriti za juu zilikuwa za feleji (chuma kilicho imara zaidi), jambo geni wakati ule.

Lakini jengo hilo, lililobomolewa mwaka 1931, lilikuwa pia na nguzo nene za graniti chini na kuta za matofali zilizobeba mzigo. Lilianza na ghorofa 10, kama mita 42. Jijini New York, jengo la gazeti moja lilikuwa limefikia mita 79 hivi tangu 1875, kwa kuta za mawe na matofali. Na lifti husahaulika mno. Bila lifti, nani angepanga ofisi ghorofa ya nane?

Ukisikia dai la namna hii, uliza kipimo: urefu, fremu au lifti? Kisha tazama picha za zamani mtandaoni. Kuta zilizo nene sana kwenye madirisha ya chini, zikipungua kadiri zinavyopanda, aghalabu ndizo zinazobeba jengo.