Je, wajua? Kwa nini shabiki wa Marekani huuliza "tumetoa nini?" kabla ya kumshangilia mkimbiaji mpya

Oktoba 2022 nilisoma kwamba 49ers ya San Francisco, timu ya mpira wa Kimarekani, imemchukua Christian McCaffrey, mkimbiaji (yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kukimbia nao), kutoka Carolina Panthers kwa "ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano". Nikaelewa upesi, kama anavyoelewa mtu asiyejua: hizo ni awamu za malipo. Ya kwanza, nikajijibu mwenyewe, bila shaka ilishalipwa kimyakimya. Kilichonishangaza ni mashabiki. Timu yao imepata mmoja wa wakimbiaji bora wa ligi nzima, na wengi wao wananung'unika juu ya hizo awamu kana kwamba zitakatwa kwenye mishahara yao.

Kumbe hapakuwa na awamu, wala senti moja ya ada haikutoka San Francisco kwenda Carolina.

Kosa hili nalisimulia kwa kirefu kwa sababu najua si langu peke yangu. Sisi tuliokulia kwenye dirisha la usajili tuna picha moja kichwani: klabu inayomtaka mchezaji huilipa klabu inayommiliki, kisha hukaa na mchezaji na wakala wake kuzungumza mshahara. Mchezaji akikataa, dili limekufa. Tajiri mwenye fungu nono humaliza mambo kwa siku moja, na shabiki hana sababu ya kuumia, maana pesa si zake.

NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani yenye timu 32, haiendi hivyo hata kidogo. Hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana: mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua vijana wapya. Mkataba wake husafiri naye ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile. Naye kwa kawaida haulizwi. Wachache wana kipengele cha kukataa kuhamishwa. Waliobaki hupigiwa simu na kuambiwa wafungashe. McCaffrey alihamishwa siku ya Alhamisi, na Jumapili ileile alikuwa uwanjani na jezi ya 49ers akicheza na Kansas City Chiefs. (Walifungwa 44 kwa 23. Waliokuwa wakinung'unika walipata wiki moja tamu.)

Nilipoelezwa hayo sikukubali kushindwa. Nikasema basi wanalalamikia mshahara. Hapo nilikuwa na robo ya ukweli. Ligi ina kikomo cha mishahara, ambacho mwaka ule kilikuwa dola milioni 208.2 kwa kila timu, awe tajiri mwenye visima vya mafuta au asiwe navyo. Ukimlipa mmoja sana, mwingine hukosa. Lakini ukiwasikiliza mashabiki wenyewe, mshahara hutajwa baadaye. Swali la kwanza ni lile la kwenye kichwa cha makala hii, na jibu lake ni zile namba: raundi ya pili, ya tatu na ya nne za mwaka 2023, na ya tano ya mwaka 2024.

Raundi za nini? Za drafti. Si ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, timu zote huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, moja baada ya nyingine, kwa raundi saba. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua ya kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho.

Mfano ulioniingia akilini ni wa belo la mitumba. Belo linafunguliwa, wafanyabiashara wamelizunguka, na wanachagua kwa zamu. Wa kwanza anaondoka na koti ambalo bado lina lebo, kile ambacho watu wa Gikomba hukiita kamera. Wa thelathini anabaki na fulana iliyopauka na soksi moja. Sasa weka sheria ya soko: aliyeuza vibaya kuliko wote mwaka uliopita ndiye anayechagua kwanza, ili asife njaa. Na weka sheria ya pili: ni marufuku kununuliana kwa pesa.

Juma ana kibanda katika soko hilo. Anaona koti zuri kwenye kibanda cha jirani. Analitaka leo, maana baridi imeanza na wateja wapo. Jirani anamwambia: chukua, nipe zamu yako ya belo lijalo. Juma anakubali. Ameuza nini hasa? Hakuuza nguo, maana belo halijafunguliwa. Ameuza nafasi ya kusimama kwenye foleni, na hata nafasi yenyewe haijulikani ni ya ngapi. Biashara yake ikinoga mwaka huu, zamu yake itaangukia mwishoni na jirani ataambulia soksi. Biashara ikidoda, zamu itapanda hadi mbele kabisa, na lile koti lenye lebo, ambalo lingemwokoa Juma, atalichukua jirani.

Hapo ndipo mimi nilipovua kofia. Timu inayolipa kwa zamu zake zijazo inalipa kwa sarafu ambayo thamani yake hupanda kadiri timu inavyoshindwa. Ukipatia, ulilipa kidogo. Ukikosea, ulilipa sana, tena unalipa wakati ule hasa unapohitaji kuchagua wa kwanza. Sijui biashara nyingine inayomcharaza mtu mara mbili kwa kosa moja kwa ustadi namna hii.

Watu wa Dallas Cowboys walilichukulia jambo hili kwa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitengeneza jedwali la kupima zamu: namba 1 ina pointi 3,000, namba 2 ina 2,600, na ukifika namba 32 umebakiwa na 590. Jedwali hilo lilienea, na hadi leo shabiki akisikia timu yake imebadilishana, kabla hata ya kutazama video za mchezaji anajumlisha pointi. Wachambuzi wa baadaye wameona kwamba lilizithamini mno zamu za mbele kabisa kuliko zinavyozaa kweli, kwa hiyo lisomwe kama bei ya soko. Ubora wa nguo ni habari nyingine.

Cowboys walikuwa na sababu ya kujifunza hesabu hiyo. Tarehe 12 Oktoba 1989, wakiwa katika msimu ambao wangemaliza na ushindi mmoja na vipigo 15, walimtoa mkimbiaji wao nyota, Herschel Walker, kwenda Minnesota Vikings. Ukihesabu wachezaji na zamu zote zilizobadili mikono, ni vipande 18. Minnesota walidhani Dallas inawataka wale wachezaji watano iliyopelekewa. Kocha wa Dallas, Jimmy Johnson, alikuwa anatazama kwingine: mkataba uliwafunga wachezaji hao na zamu za miaka iliyofuata, kwamba ukimwacha fulani, zamu fulani inakuwa yako. Kwake wale watu walikuwa vishikizo tu.

Mashabiki wa Minnesota? Walifurahi. Siku tatu baadaye Walker alikimbia yadi 148 katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya mahasimu wao Green Bay Packers, na uwanja ukasimama kumpigia makofi. Hawakufanya ujinga, walichokiona siku ile kilikuwa cha kweli. Ila belo lilikuwa bado. Msimu ule Vikings walishinda mechi 10 na kupoteza 6, hivyo zamu yao iliyokwenda Dallas ilikuwa namba 21. Msimu uliofuata namba ziligeuka, ushindi 6 na vipigo 10, na zamu iliyokwenda Dallas ikapanda hadi namba 11. Sarafu ilipanda walipoanguka. Walker hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote alioichezea Minnesota, na baada ya 1991 akaondoka.

Dallas nao? Ile namba 21 waliiongezea zamu ya raundi ya tatu, wakasogea hadi namba 17 na kumchagua kijana aitwaye Emmitt Smith. Alikuwa, ndiyo, mkimbiaji. Alistaafu na yadi 18,355, na hajatokea wa kuzifikia. Cowboys walitwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Kisa hicho kimekaa kwenye ligi kama hadithi ya fisi anayetishia watoto. Lakini hakielezi peke yake kwa nini kelele huwa kubwa zaidi anapoletwa mkimbiaji. Mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi apenye katikati ya majitu ya kilo 140. Mwili wake huisha mapema, na sehemu kubwa ya anachovuna hutegemea wenzake walio mbele wanaomfungulia njia. Rudi kwa Juma: koti alilolitamani limeshaanza kuchakaa viwiko, na lingine linalofanana nalo hupatikana hata chini ya belo. Timu zenyewe zinaamini hivyo. Tangu 1995 hakuna mkimbiaji aliyechaguliwa namba 1, na katika drafti za 2013 na 2014 hakuna hata mmoja aliyeitwa katika raundi nzima ya kwanza.

Tahadhari moja hapa. Michoro inayoonyesha kwamba wakimbiaji huporomoka wakifika miaka 27 au 28 ina kasoro: anayecheza akiwa na miaka 30 ni yule aliyekuwa bora tangu mwanzo, wenzake walishaachwa. Kwa hiyo umri wa kuporomoka si saa ya ukutani. Na suala la nani hasa anastahili sifa, mkimbiaji au wanaomfungulia njia, halijatenganishwa vizuri na takwimu zozote nilizowahi kuziona.

Ila wakati mwingine mizani hujitokeza yenyewe. Septemba 2013 Indianapolis Colts walitoa zamu yao ya raundi ya kwanza kwa Cleveland Browns wakampata Trent Richardson, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameitwa namba 3. Akiwa na Colts msimu ule alipata wastani wa yadi 2.9 kila alipokimbia. Mwenzake wa nafasi hiyohiyo, Donald Brown, akikimbia nyuma ya watu walewale, alipata 5.3. (Kikosi hicho kilikuwa na Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa mwaka uleule bila kupitia drafti yoyote.) Colts walikuwa na msimu mzuri, kwa hiyo zamu waliyoitoa iliangukia namba 26. Browns wakaitumia kusogea hadi namba 22 na kumchagua Johnny Manziel, ambaye alidumu misimu miwili. Ni nadra biashara ya watu wawili kuwapa wote wawili hasara, na kwa kweli inahitaji kipaji.

Kwa upande mwingine kuna Seattle. Oktoba 2010 Seahawks walimchukua Marshawn Lynch kutoka Buffalo Bills kwa zamu za nyuma tu, ya raundi ya nne na nyingine ya mwaka uliofuata. Hapakuwa na msiba wala sherehe. Tarehe 8 Januari 2011, katika mechi ya mtoano dhidi ya New Orleans Saints, alikimbia yadi 67 akiwapangusa watu mmoja baada ya mwingine, na mashabiki wakaruka kiasi kwamba kifaa cha kupima matetemeko kilichokuwa jirani na uwanja kikanasa mtikisiko. Watu hupenda kuliita tetemeko la ardhi. Tuwe waangalifu: ardhi ilitikiswa na miguu kutoka juu, si miamba kutoka chini, kwa hiyo kuulinganisha na matetemeko ya kweli kwa kipimo ni makisio ya kirafiki tu. Wataalamu wa mtandao wa matetemeko wa eneo hilo hata hivyo walivutiwa vya kutosha kurudi miaka mitatu baadaye na kufunga vifaa ndani ya uwanja.

Na McCaffrey, aliyenifanya nikaamini awamu? Hofu ya wanaonung'unika haikuwa ya kipuuzi: katika misimu miwili kabla ya hapo alikuwa amecheza mechi 10 kati ya 33 kwa sababu ya majeraha. Tena 49ers walikuwa wameshatoa zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2023 katika biashara nyingine. Lakini baada ya kile kipigo cha Chiefs na wiki iliyofuata, wakati alipopasia bao, akapokea bao na kukimbia bao katika mechi moja, timu haikupoteza tena mchezo hadi msimu wa kawaida ukaisha. Mwaka 2023 aliongoza ligi kwa yadi 1,459 za kukimbia, wakafika fainali ya Super Bowl na kupoteza 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2024 majeraha yalirudi, akacheza mechi nne tu. Kila upande una kipande chake cha kuonyesha.

Bili yenyewe ilifika Aprili 2023. Drafti ilianza, na majina 86 yakaitwa kabla San Francisco hawajaita lao la kwanza. Mashabiki waliokaa macho walisinzia mbele ya televisheni. Huku timuni, aliyekuwa akimkabidhi McCaffrey mpira alikuwa Brock Purdy, aliyetoka sakafuni kabisa mwa belo la 2022: namba 262 kati ya 262.