Mwaka wa hati si mwaka waliofika

Wiki hii kosa moja la watafuta ukoo limenirudia tena: kuudhani mwaka wa hati ya ardhi kuwa mwaka wa kufika. Dada mmoja wa Mombasa, aliyeolewa Belleville huko Ontario, anawaandikia watoto wake ukoo wa upande wa baba. Kafungua kitabu cha ardhi cha Adolphustown, tarafa ya huko huko Ontario, kaona mstari wa kwanza wa kiwanja cha familia: hati ya Mfalme, yaani hati ya kwanza ya umiliki kutoka serikalini, 1802. Akaamua kwamba babu yao aliingia Kanada 1802, kwa hiyo hakuwa Mloyalisti, yaani mmoja wa waliobaki watiifu kwa Mfalme wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, na yale ya bibi mkwe, kwamba walikimbia New York kwa meli vita hivyo vilipokwisha, ni ya kubuni. Mwezi uliopita alikuja mwingine na 1804. Kabla yake, 1797. Kosa ni lile lile, na linaniuma kwa sababu linamfanya mwongo bibi aliyesema kweli.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tusingepaswa kunaswa hapa. Nani hajui shamba alilolifyeka babu, akalirithi baba, na hati ikafuatiliwa siku mjukuu alipotaka mkopo wa benki? Soma hati hiyo peke yake, utaapa kwamba mjukuu ndiye aliyeingia porini na shoka.

Upper Canada, yaani Ontario ya kusini ya leo, ilikuwa vivyo hivyo. Waliofika 1784 waliikuta nchi ingali Quebec, ardhi ikishikwa kwa utaratibu wa kimwinyi wa Kifaransa. Walichopewa ni karatasi: fulani, kiwanja namba kadhaa, konseshoni (safu ya viwanja) ya ngapi. Basi. Hati kamili ilingoja sheria ya 1791 iliyoligawa jimbo na kuleta umiliki wa Kiingereza. Hata baada ya hapo mkulima hakuwa na haraka, maana ngano huota bila hati. Hati ilitafutwa siku ya kuuza, siku ya ugomvi wa mpaka, au mzee alipofariki.

Na kabla hati haijatoka, zile karatasi zilipita mikono mingi. Askari asiyetaka kulima alimwachia mwenzake haki yake, mwenzake akampa shemeji. Mambo yalichanganyika hata 1797 ikaundwa Tume ya Warithi, kuamua nani hasa apewe hati pale mgawiwa wa kwanza alipokuwa amekufa au ameuza. Kwa hiyo jina lililo kwenye hati nalo si lazima liwe la aliyeanza. Unaweza kuwa na familia iliyokaa miaka kumi na minane kabla ya hati yake, na jirani yake mwenye hati ya mwaka huo huo akawa kanunua juzi. Mstari ni ule ule kitabuni. Hautofautishi.

Mahali pia hupotosha. Kwa agizo la gavana, Lord Dorchester, la tarehe 9 Novemba 1789, watoto wa Waloyalisti walistahili ekari 200 kila mmoja: wavulana wakifikia utu uzima, wasichana wakifikia umri huo au wakiolewa. Kufikia wakati huo viwanja vya ufukweni vilikuwa vimekwisha, wakapewa tarafa za mbali huko nyuma. Wengi waliuza bila kukanyaga. Nimeona miti ya ukoo iliyohamisha nyumba nzima hadi msituni kwa sababu ya hati ya binti ambaye maisha yake yote alikaa Ernestown, tarafa ya ufukweni.

Hivyo ndugu zangu, anzeni nyuma ya hati. Kwa Adolphustown anzeni na orodha za posho (waliopewa chakula cha serikali) na za mahudhurio (waliohesabiwa mahali pao) za 1784, lakini msitafute jina "Adolphustown". Wakati ule tarafa zilihesabiwa kutoka Kingston kwenda magharibi, na hiyo ilikuwa Fourth Town. Kundi la Waloyalisti lililoongozwa na Peter Van Alstine lilitoka New York kwa meli 1783, likapitisha baridi Sorel, mji wa Quebec, likashuka hapo tarehe 16 Juni 1784. Halafu kuna hesabu ya wakazi ya mwaka 1794, mkuu wa nyumba na idadi ya watu wake. Babu wa watoto wa yule dada yumo humo, miaka minane kabla ya "kufika".

Kisha maombi ya ardhi. Mke anaandika: mimi fulani, mke wa fulani, mkulima wa tarafa hii, binti wa fulani, Mloyalisti. Vizazi viwili na ndoa moja katika sentensi moja, na mara nyingi ndipo pekee jina lake la kwanza linapoonekana. Lakini watu hunitumia picha ya ukurasa wa mbele tu! Karatasi ilikunjwa, na makarani waliandika mgongoni: tarehe ya kupokelewa, kama jina la baba limo kwenye orodha ya U.E. (United Empire, orodha rasmi ya Waloyalisti), Baraza la serikali liliamua nini. Mwandiko ni mdogo, umeinamia upande, wino umepauka, na huo mgongo ndio ushahidi.

Nikiri pia kinachoninyima usingizi. Tunafundishwa kuliita ombi chanzo cha awali, nalo ni hivyo, lakini liliandikwa na mtu anayetaka ekari. Utumishi wa jeshi ukitajwa kwenye ombi tu na haumo kwenye orodha yoyote ya kikosi, mimi siuandiki kama jambo lililothibitika. Orodha ya U.E. yenyewe si msahafu: zilikuwepo mbili, majina yaliongezwa, mengine yakafutwa.

Halafu kuna ile safu ya "watumishi" kwenye mahudhurio ya 1784. Kiswahili chetu kinatenga mtumishi na mtumwa kwa mwisho wa neno tu. Karani wa Kiingereza aliandika neno moja kwa wote. Baadhi walikuwa watu weusi waliomilikiwa, wakaletwa na Waloyalisti hawa hawa, na sheria ya 1793 ilizuia kuingiza wapya bila kumwachia huru hata mmoja aliyekuwepo tayari. Ukikuta tarakimu kwenye safu hiyo, iandike kwenye mti wa ukoo. Usiiruke kwa sababu haina jina.

Dada yangu wa Belleville, babu wa watoto wako alikuwepo. Ninalosita ni jingine: jina lile lile linabebwa na baba na mwana, na orodha ya posho inataja mmoja tu. Naelekea kwa baba, kwa sababu nyumba hiyo inahesabiwa na mwanamke mmoja na watoto. Tusikate neno kabla ya kupitia daftari za ubatizo za mchungaji John Langhorn, aliyeanza kazi huku 1787. Na nitumie mgongo wa lile ombi la ardhi la binti wa familia hiyo.