Stroka haizai nguvu peke yake

Ukinunua gari la Mitsubishi Lancer Evolution yenye injini ya 4G63, hukawii kuambiwa: "Weka stroka, upate nguvu za farasi zaidi." Stroka ni krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inayoifanya pistoni isafiri umbali mrefu zaidi. Lakini si hivyo. Kwenye injini ya turbo, kilele cha nguvu hutegemea hewa ambayo turbo inaweza kusukuma na mafuta ya kuiunguza. Ukibakiza turbo ileile, stroka hubadilisha zaidi mahali nguvu inapoanzia: turbo huamka mapema, gari likavuta vizuri kutoka chini.

Na faida hiyo ina gharama. Silinda za 4G63 zina kipenyo cha milimita 85 na pistoni husafiri milimita 88, yaani ujazo wa cc 1,997. Stroka inayoifanya pistoni isafiri milimita 100 huufikisha karibu cc 2,270. Lakini sasa pistoni inakimbia umbali mrefu zaidi kila mzunguko. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, kasi yake ya wastani hupanda kutoka mita 23.5 hadi 26.7 kwa sekunde. Ukitaka kasi ya awali, itabidi ukomee kama 7,000. Isitoshe, konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, hulala zaidi na kuikandamiza pistoni kwenye ukuta wa silinda.

Kwa gari la kuendea kazini, na mara mojamoja kwenye mashindano yenye kona nyingi, ningechagua stroka pamoja na turbo ya wastani. Anayetaka turbo kubwa na mizunguko ya juu abaki na krankshafti ya milimita 88, fedha aziweke kwenye pistoni na konrodi imara.