Fildi Bila Mjomba Ofisini: Dhana Potofu na Ukweli

Muhula wa pili ukianza kuyoyoma, swali linalosikika zaidi katika mabweni ya vyuo vya Moshi na Arusha ni moja: "Umeshapata fildi?", yaani nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nyuma ya swali hilo kuna imani kadhaa ambazo, kwa maoni yangu, kuliko hata uhaba wa nafasi wenyewe, ndizo huwakosesha wanafunzi mafunzo yenye manufaa.

Imani iliyo sugu kuliko zote ni kwamba asiye na mjomba ofisini hapati nafasi. Si uongo mtupu, kwa sababu barua ya mtu anayefahamika husomwa mapema, na anayekana hilo hajawahi kutafuta nafasi. Tatizo ni kwamba imani hii huwafanya wengi wasiandike barua hata moja, au waziandike zote kwa milango ileile: Jumuiya ya Afrika Mashariki, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambazo makao yake yako Arusha, pamoja na matawi makubwa ya benki. Huko foleni ni ndefu kweli. Wakati huohuo, katika chama cha msingi cha ushirika huko Kibosho au Marangu, mkoani Kilimanjaro, msimu wa kahawa unapochanganya, karani mmoja ndiye anayepima, anayeandika stakabadhi na anayejibu maswali ya wakulima waliopanga mstari. Mwanafunzi wa uhasibu akikaa hapo wiki nane atauona mzunguko mzima wa fedha, kuanzia kwenye mizani, kupitia daftari la mkulima, hadi malipo yanapotoka, ilhali mwenzake aliyejivunia jina la ofisi kubwa huenda akarudi akiwa bingwa wa kutoa fotokopi.

Imani hiyo ina tawi baya zaidi, yaani kwamba kuombwa chochote ili upewe nafasi ni jambo la kawaida. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, hata pale kinachotolewa kama chambo ni ajira au upendeleo mwingine. Malalamiko hupokelewa na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), ambayo ina ofisi Moshi na Arusha pia.

Wengine husubiri wakiamini kwamba ofisi ya ushauri wa ajira chuoni itawatafutia kazi. Ofisi hiyo husaidia kupitia wasifu wako, hukufanyisha usaili wa majaribio na kukuonyesha waajiri waliowahi kupokea wanafunzi; kuomba nafasi na kuifuatilia hubaki kwako. Anayeijua ofisi hiyo mwaka wa mwisho tu, tena wiki ya mahafali, amechelewa.

Kuhusu posho, mwajiri halazimiki kumlipa mwanafunzi wa fildi kama anavyomlipa mfanyakazi. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, na kwa miaka kadhaa miongozo yake imeweka kikomo cha siku 56 kwa mwaka wa masomo. Kwa hiyo ni busara kupiga hesabu ya chumba na nauli kabla ya kukubali nafasi iliyo mbali na nyumbani.

Kwa wanaosomea utalii, kosa kubwa ni kuomba nafasi mwezi Juni. Kampuni za Arusha huelemewa na wageni kuanzia Juni hadi Oktoba, na ingawa kazi ni tele, hakuna aliye na nafasi ya kukaa na mwanafunzi aliyetokea bila taarifa. Barua ipelekwe Februari au Machi, mvua za masika zikiwa bado hazijashika na watu wa ofisini wakiwa na muda wa kuisoma.

Limebaki suala la kitabu cha kumbukumbu za kila siku, ambacho wengi hukichukulia kama karatasi ya kujaza usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi. Nimesoma vingi vyenye sentensi "Nilisaidia kazi za ofisi" iliyorudiwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Linganisha na hii: "Nimelinganisha daftari la fedha la Julai na taarifa ya benki, tofauti imetokana na hundi mbili ambazo waliolipwa hawajazipeleka benki, nimeandaa usuluhisho wa hesabu hizo mbili, msimamizi amerekebisha tarehe." Mwandishi wa maneno hayo akiulizwa kwenye usaili, miaka miwili baadaye, amewahi kufanya nini hasa, ana la kueleza, pamoja na kosa alilorekebishwa.

Sahihi ya msimamizi itafutwe kila wiki. Msimamizi huenda akahamishwa au akaanza likizo wiki ya saba, na anayekaimu nafasi yake hatakubali kutia sahihi kazi ambayo hakuiona ikifanyika.