Kabla Hujanunua Strima ya Laki Mbili

Mwezi huu ni mteja wa tatu kuniita kwenye nyumba ya kale hapa Mkomani, Lamu, kwa maneno yale yale: "Fundi, nimenunua strima nzuri kabisa lakini muziki hauniridhishi. Niongeze nini?" Strima yenyewe, kile kisanduku kinachovuta muziki mtandaoni, imemla zaidi ya laki mbili. Spika kazisukumia pembeni, kochi kaliegemeza ukuta wa pili, na besi inavuma kama jenereta ya jirani.

Dhana: Strima ghali hutoa muziki safi zaidi.

Hii ndiyo inayonichosha. Wimbo wa mtandaoni ni namba tu. Huja vipande vipande, kila kipande kikikaguliwa. Kilichopotea au kuharibika huombwa tena, kisha vyote husubiri kwenye kumbukumbu ya chombo kabla ya kupigwa. Ama zimefika sawasawa, ama muziki unakatika. Namba hazizidi utamu kwa kuwa kisanduku ni cha aluminiamu nene. Palipo na kazi ni pale zinapogeuzwa kuwa umeme wa kwenda kwenye ampu, yaani amplifaya, na zamani vyombo vya rahisi vilifeli hapo kweli. Siku hizi hata kile kiunganishi kidogo cha hedfoni cha Apple, dola 9 huko Marekani, hugeuza kwa usafi ambao sebuleni hutautofautisha.

"Lakini nasikia tofauti!" Nasadiki. Mteja huyu alitaka kunionyesha, nikamwomba atazame ukuta, nami nikajifanya nachomoa strima na kuchomeka simu. Sikugusa waya hata mmoja. Akasema, "Umeona? Sasa imekuwa nyembamba." Nilicheka peke yangu. Ukitaka kujipima kwa haki, mtu mwingine abadilishe bila kukwambia, na sauti iwe juu sawasawa kwa vyombo vyote viwili, maana kinachopiga juu kidogo tu ndicho sikio hukiita kizuri.

Kilichomharibia ni chumba. Misana yetu, vyumba vya hizi nyumba za kale, ni mirefu na myembamba kwa sababu upana hufuata boriti za mkoko. Wake nilipima mita 2.8. Kuta mbili za matumbawe zilizopakwa chokaa zikitazamana kwa umbali huo, besi ya hezi 60 hivi, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, hujirudia baina yake, ikizidi nguvu ukutani na kufifia katikati. Yeye kaweka spika ukuta huu na kochi ukuta ule, yaani kaenda kukaa pale pale penye mvumo. Tukahamishia spika upande mfupi wa chumba, mbali na pembe, na kochi tukaliweka katikati ya upana, likaachana na ukuta. Mvumo ukapungua bila senti. Kisha nikasimamisha godoro la sufi ukutani, pale sauti ya spika inapogonga mara ya kwanza. Watu hunicheka kwa magodoro yangu, na wacheke. Mkeka nimewahi kuujaribu: ni mwembamba mno, haumezi kitu. Na zidaka zenu msizizibe kwa mbao, jamani. Ukuta wenye mashimo huitawanya sauti badala ya kuirudisha nzima nzima.

Dhana: Bila faili za biti 24 na hezi 192,000 husikii muziki.

Hezi za faili ni mara ngapi sauti imepimwa kwa sekunde, biti ni undani wa kila kipimo. Sikio la kijana huishia kwenye mitetemo ya hezi 20,000, letu sisi wa makamo halifiki. Kipimo cha CD, biti 16 na hezi 44,100, kinaibeba mitetemo hiyo yote tangu 1982. Faili hizo kubwa, kabla ya kubanwa, hula data mara sita na nusu ya CD. Na kama unachosikiliza ni taarabu iliyonakiliwa kutoka kaseti, unachoma bando ili usikie mchakacho wa kaseti.

Dhana: Waya ghali wa spika hufungua sauti.

Shaba halisi, unene wa milimita mraba 2.5, kwa mita chache za sebuleni yatosha. Hakikisha si aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Adui hapa kwetu ni chumvi: ncha zikigeuka kijani au nyeusi, kata, menya upya, kaza.

Dhana: Basi kila kilicho ghali ni wizi.

Hii nayo huja kutoka kwa vijana, wakishasoma mambo mawili matatu. Hapana. Spika ndipo pesa inaposikika. Ila tazama ukingo wa koni, ule uso wa spika unaotetemeka: wa sponji huoza kwa hewa ya hapa, nishabadilisha nyingi mno, wa mpira hudumu. Zikibaki hela, nunua kinga ya umeme, na vuta waya wa mtandao mpaka chumbani, kwa kuwa Waifai haipendi ukuta wa matumbawe. Strima pia ina raha yake, simu ikiita muziki haukatiki. Lakini ni kompyuta ndogo. Mtengenezaji akiacha kuhudumia programu yake, itabaki pambo la kidakani.

Mteja wangu aliniuliza airudishe au aiache. Nikamwambia kama duka linakubali, aipakie kwenye boksi leo hii, maana hata ile plastiki ya kioo alikuwa hajaibandua.